Rowley, Robsart au Inglis? Kuchagua kitongoji cha reli cha kusomea historia ya nyanda za ngano za Kanada

Majimbo matatu ya nyanda za nyasi za Kanada, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, yamejaa vitongoji ambavyo reli ilivizaa, ikavilea kwa miongo michache, kisha ikavipa kisogo. Msomaji anayetaka kukijua kimoja kwa undani hukwama mapema, awe anaishi Calgary, Regina au Winnipeg, ambako wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania sasa wana jamii zao, au awe anafuatilia habari hizi kutoka mbali. Vitongoji vyenyewe ni mamia, vingi vinafanana kwenye picha, na maelezo yake hurudia yale yale: palikuwa na mji, treni ikaacha kuja, watu wakahama.

Nimechagua vitatu, kimoja kutoka kila jimbo. Rowley kiko Alberta, kaskazini mwa Drumheller. Robsart kiko kusini-magharibi mwa Saskatchewan, si mbali na mpaka wa Marekani. Inglis kiko magharibi mwa Manitoba, kaskazini mwa mji wa Russell. Vyote vitatu vilianza kwa sababu ile ile, lakini kila kimoja kilipewa hatima yake: Rowley kilishikiliwa na wakazi wake wachache, Robsart kiliachwa kijiendee, na Inglis kilihifadhiwa rasmi kama urithi wa taifa. Ni kweli kwamba Inglis bado kina wakazi wapatao mia mbili, hivyo si gofu. Nimekiweka humu kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko vingine kazi ambayo vitongoji hivi viliumbiwa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimevipima vitongoji hivi kwa maswali matano. Kwanza, reli ilifikaje, na asili ya kitongoji inaeleza nini kuhusu mpango mzima wa makazi? Pili, ni nini hasa kilichokiangusha, na je, sababu hiyo inaonekana kwa macho au inahitaji maelezo? Tatu, leo kuna nini cha kutazama, na mgeni asiye na mwongozo ataelewa kiasi gani? Nne, kuna maandishi ya namna gani kwa asiyeweza kusafiri? Tano, safari yenyewe ina ugumu gani? Uzuri wa picha sikuufanya kigezo, kwa kuwa jua la jioni hupendezesha kila nyumba iliyoanguka paa, na mtu anaweza kurudi na picha mia asijue hata kampuni ipi ilijenga reli iliyopita hapo.

Jinsi reli ilivyovianzisha

Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kukaa hapo miaka mitatu, kujenga nyumba na kulima sehemu ya ardhi hiyo. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wakrii, Wablackfoot, Waassiniboine na mataifa mengine ya wenyeji, na iliingia mikononi mwa serikali kupitia mikataba saba iliyotiwa saini kati ya 1871 na 1877, mikataba ambayo pande mbili hazijawahi kuielewa kwa namna moja. Hakuna ghala wala stesheni inayosimulia upande huo, na msomaji wa kitongoji chochote kati ya hivi vitatu atalazimika kuutafuta kwingine.

Kampuni ya Canadian Pacific ilimaliza njia yake kuu Novemba 1885, ikiwa imepewa na serikali dola milioni 25 na ekari milioni 25 za ardhi. Hata hivyo njia kuu moja haikutosha kwa ngano. Mkulima aliyekuwa na gari la kukokotwa na farasi hakuweza kupeleka mzigo mbali na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kwa hiyo baada ya 1900 kampuni za reli zilijenga matawi mengi, zikaweka stesheni kila maili saba hadi kumi hivi. Katika kila stesheni kulijengwa maghala marefu ya nafaka, duka, benki ndogo, hoteli, kanisa na shule. Anayekumbuka umbali huo wa maili saba hadi kumi ameshika nusu ya historia yote, kwa sababu makazi yaliyopimwa kwa nguvu ya farasi yalikuwa mashakani tangu siku mkulima wa kwanza aliponunua lori.

Mpango huo ulifanywa ofisini, mbali na mahali penyewe, na ushahidi mzuri zaidi wa jambo hilo uko kwenye njia iliyojengwa na kampuni ya Grand Trunk Pacific kupita katikati mwa Saskatchewan. Stesheni zake zilipewa majina kwa kufuata mpangilio wa alfabeti: Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher, Lestock, na kuendelea hadi Young na Zelma, kisha alfabeti ikaanza upya. Mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja tayari palikuwa na jina na herufi yake.

Rowley kilizaliwa katika wimbi hilo. Kampuni ya Canadian Northern, mshindani wa Canadian Pacific, ilijenga njia kutoka Vegreville kuelekea kusini kupitia Stettler na Big Valley hadi Drumheller, na kitongoji kikaota kando yake karibu na mwaka 1911. Canadian Northern ilijenga kwa mikopo mingi kuliko uwezo wake, ikachukuliwa na serikali, na hatimaye njia zake zikaunganishwa katika shirika la taifa la Canadian National. Kwa hiyo anayeisoma Rowley anasoma pia habari ya kampuni iliyofilisika ikiacha reli nyuma yake.

Robsart ni mtoto wa Canadian Pacific. Mji wa Shaunavon ulianzishwa mwaka 1913, na reli ikaendelea kusogea magharibi, ikipanda kitongoji baada ya kitongoji: Robsart, Vidora, Consul, Senate, Govenlock. Wakati huo kila mtu aliyejali kusoma alijua kwamba eneo hilo ni kavu. John Palliser, aliyeongoza msafara wa uchunguzi kati ya 1857 na 1860, alikuwa ameonya kuwa pembe ile ya kusini haifai kwa kilimo, na hadi leo inaitwa Pembetatu ya Palliser. Walowezi walikwenda hata hivyo, na kwa bahati mbaya miaka ya mwanzo iliwatendea wema: mavuno ya 1915 yalikuwa makubwa kupita matarajio, na Vita Kuu ya Kwanza ikapandisha bei ya ngano. Mwanzo mzuri namna hiyo uliwashawishi wengi kukopa.

Inglis kilichelewa. Tawi la Canadian Pacific lilifika huko mwaka 1922, miaka kumi hivi baada ya wenzake. Wakulima wa eneo hilo, wengi wao wakiwa na asili ya Ukraine, Ujerumani na Rumania, walikuwa wamekwisha kulima kwa miaka kadhaa wakisafirisha nafaka mbali. Hapa reli ilikuta watu, wakati katika sehemu nyingine ilitangulia na watu wakaifuata, na nadhani tofauti hiyo ni sehemu ya sababu Inglis hakikutawanyika upesi.

Kilichoviangusha

Watu wengi hutoa jibu moja, kwamba treni iliacha kuja. Jibu hilo ni sahihi lakini limekuja mwishoni mwa msururu mrefu, na vitongoji hivi vitatu vinaonyesha sehemu tofauti za msururu huo.

Robsart kinaonyesha mwanzo wake, yaani ukame na hesabu ya ardhi. Ukame uliupiga ukanda huo tangu 1917, ukaurudia kwa ukali zaidi katika miaka ya 1930, wakati ambapo bei ya ngano nayo ilikuwa imeanguka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia. Udongo uliolimwa ukawa vumbi, na mwaka 1935 serikali ikaanzisha idara maalumu ya kurejesha mashamba ya nyanda hizo. Hata mvua iliporudi, ekari 160 hazikuweza tena kulisha familia katika ardhi kavu. Aliyebaki alinunua shamba la jirani aliyeondoka. Saskatchewan ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000 mwaka 1936. Mwaka 2021 yalikuwa yamebaki kama 34,000, na wastani wa shamba moja umepita ekari 1,700. Ngano inayovunwa haikupungua, waliopungua ni wanaoivuna, na duka la kitongoji huishi kwa idadi ya familia, si kwa idadi ya magunia. Robsart kilipoteza hadhi yake ya kijiji mwaka 2002, hatua ambayo kwa vitendo humaanisha kwamba hapakuwa tena na watu wa kutosha kuendesha baraza lao wenyewe.

Inglis kinaonyesha mwisho wa msururu, yaani siasa ya nauli. Mwaka 1897 serikali na Canadian Pacific walifanya mapatano ya Crow's Nest, ambapo kampuni ilipewa ruzuku ya kujenga njia ya milimani na yenyewe ikakubali kushusha nauli ya nafaka. Nauli hiyo baadaye iliwekwa katika sheria na ikakaa pale pale kwa miongo mingi huku gharama zikipanda. Mkulima aliiona kama haki yake. Kampuni za reli ziliona kila behewa la ngano kutoka kwenye tawi dogo kuwa hasara, na zikaacha kuyakarabati matawi. Tume ya serikali iliyotoa ripoti yake mwaka 1977 ilipendekeza maili zaidi ya 2,000 za matawi zifungwe. Sheria mpya ya 1983 ikaanza kuivunja nauli ya zamani, na tarehe 1 Agosti 1995 ruzuku iliyobaki ikaondolewa kabisa. Mwaka huo huo Canadian National ikauzwa kwa wawekezaji binafsi. Kampuni za nafaka zilijibu kwa kujenga maghala makubwa ya zege kando ya njia kuu, yenye uwezo wa kupakia mabehewa mia moja au zaidi kwa mara moja, na maghala ya mbao yakawa hayana kazi. Tawi la Inglis lilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na kama si uamuzi wa haraka wa watu wa hapo, maghala yake yangebomolewa kama mengine.

Rowley kinaonyesha jambo la katikati: jaribio la kuokoa. Mwaka 1986 njia yake iliuzwa na Canadian National kwa kampuni ndogo ya Central Western, mojawapo ya majaribio ya kwanza nchini humo ya kuendesha tawi kwa gharama nafuu baada ya kampuni kubwa kulichoka. Jaribio lilidumu zaidi ya muongo mmoja, na treni zikakoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Kipande cha kutoka Stettler hadi Big Valley bado kina treni ya watalii tangu 1990, ila haifiki Rowley. Kusini-magharibi mwa Saskatchewan jaribio kama hilo lilishika zaidi: Great Western Railway ilianza kuendesha matawi ya huko mwaka 2000, na mwaka 2004 wakulima na halmashauri za eneo wakainunua. Nalitaja hilo ili msomaji asidhani kwamba kufungwa kwa kila tawi kulikuwa jambo lisiloepukika. Hata hivyo, reli iliyookolewa ilibeba nafaka bila kuwarudisha watu.

Kinachoonekana leo

Hapa ndipo tofauti huwa kubwa, na hapa nitakaa zaidi.

Nguvu ya Inglis ni maghala yake matano ya mbao yaliyojengwa kati ya 1922 na 1941, yakiwa bado katika safu moja kama yalivyokuwa yakitazama reli. Katikati ya miaka ya 1990 safu hiyo ilitambuliwa kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa. Mnamo 1933 kulikuwa na maghala ya namna hii zaidi ya 5,700 katika majimbo matatu. Yaliyosimama leo ni mamia tu, mengi yakiwa moja moja, na safu kamili ni kitu adimu. Faida yake kwa mwanafunzi wa historia ni kwamba anaweza kuufuata mzunguko wote wa kazi. Gari lilipanda mteremko mfupi na kuingia ndani, likapimwa kwenye mizani, likainuliwa mbele ili nafaka imwagike shimoni. Mkanda wenye vikombe uliipandisha nafaka hadi kileleni, na msimamizi akaielekeza katika chumba kimojawapo kulingana na daraja lake. Behewa lilipofika, nafaka ilishuka kwa uzito wake yenyewe kupitia bomba. Kuta zilijengwa kwa mbao zilizolazwa bapa, moja juu ya nyingine, na kupigiliwa misumari tangu chini hadi juu, kwa sababu nafaka nyingi husukuma kuta kwa nguvu kubwa ambayo mbao zilizosimamishwa zisingeihimili. Injini iliwekwa katika kibanda cha kando pamoja na ofisi ya msimamizi, kwani vumbi la nafaka hushika moto na hata kulipuka.

Anayetazama maghala matano ya wamiliki mbalimbali yakiwa ubavu kwa ubavu huanza kuuliza kwa nini yalihitajika matano katika kitongoji kimoja. Jibu lake ni ushindani. Mkulima alitaka kuchagua, hasa kwa vile wengi walishuku kwamba mizani na madaraja ya kampuni binafsi yaliwapunja, na shaka hiyo ndiyo iliyozaa vyama vikubwa vya ushirika wa ngano vya Alberta mwaka 1923 na vya Saskatchewan na Manitoba mwaka 1924. Kasoro ya Inglis ni usafi wake. Maghala yamekarabatiwa, yana rangi, na mgeni anaweza kuondoka akidhani kwamba historia hii ilikwisha vizuri.

Rowley nacho kina maghala matatu ya mbao katika safu, pamoja na stesheni yake na baa iitwayo Sam's Saloon. Katika miaka ya 1920 inasemekana kilikuwa na watu mia tano hivi; leo majengo ni mengi kuliko wakazi. Kilichokitofautisha ni kwamba waliobaki walianza, tangu miaka ya 1970, kukarabati majengo kwa mikono yao, wakichangisha fedha kwa sherehe. Filamu kadhaa zilipigwa hapo, na kitongoji kikapewa jina la utani la Rowleywood. Kwa miaka mingi pia Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi imekuwa usiku wa piza, na watu huendesha gari kutoka mbali ili kula pamoja, na mapato kurudi kwenye matengenezo. Faida yake ni kwamba mgeni hukutana na mtu wa kuzungumza naye, jambo ambalo hakuna jumba la makumbusho linaloweza kulifidia. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya sura za majengo zimeguswa na mahitaji ya sherehe na filamu, na si rahisi kwa mgeni kutenganisha kilichokuwapo mwaka 1925 na kilichobandikwa baadaye. Mimi binafsi jambo hilo halinisumbui sana, kwa sababu namna watu wanavyojipamba ili wasifutwe nayo ni historia, lakini mwenye kutaka mabaki asilia atasumbuka.

Robsart hakina kibao cha maelezo cha kumkaribisha mtu, hakina tiketi wala mwongozo. Kuna nyumba na maduka ya mbao yaliyopauka, mengine yameinama, yakiwa kati ya nyumba chache ambazo bado zinakaliwa. Mpangilio wa mitaa unasomeka: barabara ya biashara ilielekezwa kwenye reli, viwanja vimepimwa kwa upana ule ule, na mapengo yanaonyesha palipokuwa na jengo lililoungua au kubomolewa. Kwa aliyejiandaa, mapengo hayo yanafundisha kuliko ghala lililopakwa rangi. Kwa asiyejiandaa ni mbao kuukuu tu, na atamaliza kutazama katika nusu saa. Ieleweke pia kwamba nyumba iliyoachwa bado ina mwenyewe kisheria, kwamba sakafu zimeoza, na kwamba wakazi waliobaki hawakuchagua kuishi ndani ya maonyesho.

Kuahirisha safari kuna hatari yake. Ghala la Fleming, Saskatchewan, lililojengwa mwaka 1895, lilikuwa kongwe kuliko yote yaliyobaki mahali pake pa asili. Watu wa huko walihangaika kulikarabati, na Februari 2010 likateketea kwa moto. Robsart ndicho kinachokabiliwa zaidi na hatari ya namna hiyo, Rowley kinafuata, na Inglis kina ulinzi bora ingawa mbao ni mbao popote zilipo.

Maandishi kwa asiyeweza kusafiri

Katika kigezo hiki tofauti kati ya vitongoji ni ndogo kuliko tofauti kati ya majimbo. Alberta na Saskatchewan zilifanywa majimbo tarehe 1 Septemba 1905, na kuelekea maadhimisho ya miaka 75 mwaka 1980 jamii nyingi za vijijini ziliandika vitabu vyao vya historia, vikiwa na kurasa za familia moja moja, shule, makanisa na timu za hoki. Vitabu hivyo vina upungufu wa kawaida: viliandikwa na waliobaki, na walioshindwa wakaondoka mwaka 1922 au 1935 mara nyingi hawana ukurasa. Kumbukumbu za ugawaji wa ardhi zinazotunzwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa na zile za majimbo husaidia kuwarudisha hao, kwa sababu fomu ilijazwa na kila aliyeomba ekari zake 160, hata aliyekata tamaa. Sensa maalumu za majimbo haya za 1906 na 1916 hukamilisha picha. Kwa Inglis kuna ziada ya nyaraka zilizotokana na kutambuliwa kwake kitaifa, ambazo zinaeleza ujenzi wa maghala kwa undani wa kihandisi.

Safari yenyewe

Asiye na gari asahau vyote vitatu. Serikali ya Saskatchewan ilifunga kampuni yake ya mabasi tarehe 31 Mei 2017, na Greyhound ikaondoa huduma zake karibu zote magharibi mwa Kanada tarehe 31 Oktoba 2018. Rowley ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Calgary, na unaweza kuunganishwa na Drumheller, ambako kuna Makumbusho ya Royal Tyrrell yenye mifupa ya dinosaria, jambo litakalowaokoa wazazi wenye watoto. Inglis ni mwendo wa saa nne hivi kutoka Winnipeg. Maghala hutembelewa ndani wakati wa kiangazi, na ni vema kuuliza ratiba kabla ya kutoka nyumbani. Robsart ndicho kigumu, kati ya saa nne na tano kutoka Regina kwa barabara namba 13, ingawa kiko chini ya saa moja kutoka Eastend, mji wenye kituo cha dinosaria na mahali pa kulala. Jaza mafuta Shaunavon au Eastend. Mvua ikinyesha epuka barabara za udongo, na kati ya Novemba na Machi usiende bila nguo za baridi kali na chakula ndani ya gari, kwani gari likikwama huenda lisipite jingine kwa muda mrefu.

Nani aende wapi

Mwalimu au mzazi anayetaka watoto waelewe ngano ilitokaje shambani ikafika bandarini aende Inglis, kwa sababu mashine na majengo yapo na yanaelezeka. Inglis kinamfaa pia mtu anayevutiwa na ujenzi wa mbao, au na historia ya ushirika wa wakulima.

Anayetaka kuzungumza na watu, anayepanga kuokoa jengo la kale katika eneo lake, au mwenye siku moja tu kutoka Calgary, achague Rowley, na kama anaweza aende siku ambayo wenyeji wamekusanyika. Akienda siku ya kawaida asitarajie mlango wowote kuwa wazi.

Mtafiti wa mazingira, mwandishi, au mtu anayejiuliza kwa nini serikali na kampuni ziliwapeleka maelfu ya watu kulima mahali pakavu, atapata zaidi Robsart, mradi asome kwanza habari za Pembetatu ya Palliser na miaka ya 1917 hadi 1937. Apige picha akiwa barabarani, na akimkuta mkazi aombe ruhusa kabla ya kusogea.

Mwenye muda wa siku tatu au nne na gari zuri anaweza kuacha kuchagua kitongoji kimoja na kufuata njia ya alfabeti kupita Saskatchewan kutoka Fenwood hadi Zelma, akihesabu ni herufi ngapi bado zina duka. Na asiyeweza kusafiri kabisa aanze na kumbukumbu za ugawaji wa ardhi za eneo la Robsart, kwa kuwa huko ndiko wengi waliondoka bila kuandikwa kwingine, kisha azilinganishe na kitabu cha historia kilichoandikwa na waliobaki.